Maisha ya Ramazzini, Mganga wa Mafundi

Watu mashuhuri ambao habari zao husomwa shuleni kwa kawaida ni wafalme, majemadari na wasafiri. Katika kurasa hizi nataka kuwaeleza habari za mtu wa namna nyingine. Huyu hakushinda vita wala hakuvumbua nchi. Sifa yake ni kwamba aliongeza swali moja katika maswali ambayo mganga humwuliza mgonjwa, na swali hilo likawafaa watu wengi mno. Jina lake ni Bernardino Ramazzini, Mtaliano, aliyefariki mwaka 1714. Waganga wa nchi nyingi humwita baba wa utabibu wa kazi, yaani elimu ya maradhi yampatayo mtu kwa sababu ya kazi aifanyayo.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mwalimu wa Biolojia, na kila mwaka wako wanafunzi wanaoniambia kwamba wanataka kuwa waganga. Ya pili, sisi watu wa Kilema tunaishi kwa kazi za mikono, na mara nyingi tunapatwa na maradhi ambayo tunayaita malaria, au baridi, au uzee, kumbe asili yake ni kazi. Natumaini kwamba msomaji akifika mwisho ataona kuwa mtu huyu wa kale ana faida kwetu hata leo.

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, karibu na Modena, upande wa kaskazini ya Italia. Siku zile Italia haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika tawala nyingi, kila moja na mkuu wake, kama mlima wetu ulivyokuwa zamani: Kilema na Mangi wake, Marangu na Mangi wake, Kibosho na Machame vile vile. Alisoma kwanza katika shule ya mapadre Wajesuti mjini kwao, kisha akaenda Parma kusoma falsafa na utabibu. Alipata shahada mwaka 1659, naye alikuwa kijana wa miaka 25. Baadaye akaenda Roma ajifunze kazi chini ya mganga mzoefu, maana kusoma vitabu ni jambo moja na kumtazama mgonjwa ni jambo jingine.

Alipokwisha kujifunza akapewa kazi katika nchi ya Castro, kaskazini ya Roma. Nchi ile ilikuwa na homa nyingi. Kila Mchaga ambaye wazee wake walimwonya asilale nyikani atafahamu upesi yaliyompata huko. Malaria ikamshika, ikamdhoofisha sana, hata ikambidi aiache kazi yake na kurudi kwao Carpi kujiuguza. Akapona, akaoa, akafanya uganga katika mji wake. Mwaka 1671 akahamia Modena, na mwaka 1682 mtawala wa mji huo, Francesco wa Pili, akamweka kuwa mwalimu wa utabibu katika Chuo Kikuu kilichokuwa kimefufuliwa.

Hata hapo alikuwa mganga mwema kama waganga wengine wema. Jambo lililomtenga nao lilianzia nyumbani kwake, tena mahali ambapo mtu mwenye cheo hapendi hata kupatazama.

Ilikuwa desturi ya Modena kwamba mashimo ya vyoo yatapishwe kila mwaka wa tatu. Siku moja mafundi walikuja kutapisha shimo la nyumba ya Ramazzini. Akasimama akamtazama mmoja wao aliyekuwa mle shimoni, akifanya kazi kwa nguvu na haraka kupita kiasi. Akamhurumia, akamwuliza kwa nini anajitesa hivyo badala ya kwenda polepole. Maskini yule akainua macho, akamjibu kwamba mtu ambaye hajapata kuingia mle hawezi kujua taabu ya kukaa humo zaidi ya saa nne, na kwamba ni sawa na kupofuka. Alipotoka, Ramazzini akamchunguza macho, akaona yamekuwa mekundu mno na yameingia ukungu. Akataka kujua hutumia dawa gani. Akaambiwa kwamba hawana dawa ila kurudi nyumbani mara moja, kujifungia katika chumba chenye giza mpaka kesho yake, na kuosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Akauliza tena kama koo linawaka, kama pumzi zinabana, kama kichwa kinauma. Yule fundi akasema la, ni macho tu.

Mtu mwingine angaliishia hapo, akalipa ujira na kufunga mlango. Ramazzini hakuishia hapo. Alianza kuwaangalia ombaomba vipofu wa mjini, akatambua kwamba wengi wao walikuwa watapishaji wa vyoo zamani. Akaona pia kwamba sarafu za shaba na fedha ambazo mafundi wale walikuwa nazo mfukoni ziligeuka nyeusi. Maelezo aliyoyatoa juu ya sababu yake hayakuwa sahihi yote, kwani kemia ya siku zile ilikuwa changa. Sisi leo tunajua kwamba katika mashimo kama hayo hutoka gesi yenye harufu ya yai viza, iitwayo haidrojeni salfaidi. Hiyo huyaunguza macho, huigeuza fedha kuwa nyeusi, na ikizidi humwua mtu kwa dakika chache. Wanafunzi wa kidato cha tatu wataona kwamba mganga yule, bila maabara, alikusanya dalili zote zilizohitajiwa: jicho la fundi, ombaomba wa njiani, na sarafu ya mfukoni.

Tangu hapo alianza kutembelea karakana. Wasomi wa wakati ule walivaa joho na kukaa na vitabu vya Kilatini. Ramazzini aliingia kwa wafinyanzi, kwa wahunzi, kwa waokaji mikate, kwa wachonga mawe, akawauliza habari za kazi zao na maumivu yao. Mwaka 1690 akaanza kuyafundisha hayo chuoni, na mwaka 1700 akachapisha kitabu chake kikubwa, De Morbis Artificum Diatriba, maana yake ni Mazungumzo juu ya Maradhi ya Mafundi. Alipokichapisha mara ya pili mwaka 1713 aliongeza kazi nyingine 12, hata jumla ikapita 50.

Katika dibaji ya kitabu hicho ndimo lilimo lile swali nililolitaja. Tangu zamani waganga walifuata mafundisho ya Hippocrates, Myunani, kwamba mgonjwa aulizwe anaumwa nini, kwa sababu gani, tangu siku ngapi, na anakula chakula gani. Ramazzini akasema liongezwe moja: aulizwe anafanya kazi gani. Akasikitika kwamba swali hilo karibu halikuulizwa kabisa, au mganga akiwa analijua jibu, hakulitia maanani. Akaongeza shauri jingine ambalo mimi nalipenda sana. Alitaka mganga akiingia katika nyumba ya maskini asikimbilie kushika mshipa wa mkono na kuondoka, bali akae kitako, hata kama hakuna kiti ila kigoda cha miguu mitatu, akae kana kwamba amekalia kiti cha dhahabu, amsikilize mgonjwa taratibu.

Pengine msomaji atadhani kwamba swali hilo ni jepesi mno kumpa mtu sifa ya miaka 300. Basi tutazame wagonjwa wenyewe, tuone jinsi ugonjwa wa kazi unavyoweza kujificha.

Aliitwa kumtazama kijana mmoja aliyekuwa fundi wa kupaka dhahabu juu ya vyombo. Fundi wa namna hiyo alichanganya dhahabu na zebaki, akaipaka, kisha akaitia motoni. Zebaki ikapanda kuwa mvuke, dhahabu ikabaki. Kijana huyu hakujihadhari na mvuke ule. Alikuwa amelala kitandani miezi miwili. Uso wake ulikuwa kama wa maiti, macho yamevimba, pumzi zinapatikana kwa shida, akili imezubaa, na kinywani mna vidonda vyenye uvundo. Akafa. Jambo lililomstaajabisha Ramazzini ni kwamba mpaka kufa hakuwa na homa hata kidogo. Mganga asiyejua kazi ya kijana yule angaliweza kutaja maradhi kumi ya kinywa na ya kifua, na kumpa dawa kumi, wala asingaligusa chanzo. Ajuaye kazi yake hutambua sumu mara moja.

Mgonjwa wa pili alikuwa mwandishi wa hati mjini Modena. Maisha yake yote aliandika, na kwa kuandika alipata mali. Akaanza kulalamika kwamba mkono wake wa kulia umechoka kabisa. Dawa zote zikashindwa, na mwisho mkono ukapooza. Yule bwana akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na baada ya muda si mrefu nao ukaingiwa na ugonjwa ule ule. Habari hii yafaa kukumbukwa, maana tumezoea kudhani kwamba kazi ya hatari ni ile ya jembe na nyundo tu, na kwamba mwenye kalamu yu salama. Ramazzini aliwaweka makarani na wasomi katika kitabu kimoja na wachimba madini.

Wa tatu alikuwa mchoraji wa Ufaransa, na habari zake Ramazzini alizipata katika maandiko ya mganga Jean Fernel. Mtu huyu alishikwa na udhaifu wa vidole na mikono, kisha maumivu makali ya tumbo yasiyotulizwa na dawa yoyote. Waganga walibishana juu ya tumbo lake. Ilidhihirika baadaye kwamba alipofanya kazi alikamua rangi katika brashi kwa vidole vyake, tena pengine aliinyonya kwa mdomo. Rangi za siku zile zilikuwa na madini ya risasi na zebaki. Waganga walitafuta ugonjwa tumboni, nao ulikuwa umetoka katika brashi.

Yako na mambo yaliyofika barazani. Katika mji wa Finale, ndani ya utawala wa Modena, raia mmoja alimshtaki tajiri mwenye kiwanda cha kutengeneza dawa ya zebaki, akataka kiwanda kihamishwe nje ya mji kwa kuwa moshi wake unawatia sumu majirani. Akaleta ushahidi wa mganga wa mji, na akaleta daftari la kanisa la kuandikia vifo, ambalo lilionyesha kwamba waliokufa karibu na kiwanda ni wengi kuliko waliokufa mitaa mingine, na wengi kwa maradhi ya kifua. Upande wa tajiri nao ukaleta wataalamu wake. Mwisho wake tajiri akashinda. Ramazzini aliyaandika haya bila kutukana mtu, akawaachia wenye elimu ya maumbile waamue kama hukumu ilikuwa ya haki. Lakini mimi naona kwamba kwa kuliandika lile daftari la vifo katika kitabu chake alituonyesha kitu kikubwa: mgonjwa mmoja peke yake ni vigumu kumfahamu, lakini ukiwahesabu wengi wa mahali pamoja au wa kazi moja, ugonjwa huanza kujitaja wenyewe.

Kwa kuhesabu namna hiyo aliona kwamba wafua shaba wa Venice, waliokaa mtaa mmoja wakigonga nyundo mchana kutwa, huwa viziwi wakizeeka. Aliona kwamba waokaji mikate na wapepeta nafaka hukohoa kwa sababu ya unga na vumbi. Aliona kwamba watawa wa kike hupatwa na kansa ya matiti kuliko wanawake wengine, jambo ambalo uchunguzi wa baadaye umelithibitisha, kwa kuwa kuzaa na kunyonyesha hupunguza hatari ya ugonjwa huo. Na juu ya wachonga mawe alieleza uchunguzi wa mganga Diemerbroeck wa Uholanzi, aliyepasua maiti za watu wa kazi hiyo waliokufa kwa kubanwa pumzi, akaona kisu chake kinapita katika mapafu kama kinachopita katika mchanga.

Hakuishia katika kutaja maradhi. Kwa kila kazi alitafuta kinga, nyingine rahisi kabisa. Wenye vumbi wafunge kitambaa puani na kinywani na kuosha uso mara kwa mara. Wenye moshi wafungue madirisha na kusimama pale upepo utakapoupeleka moshi mbali nao. Wanaokaa kitako siku nzima wainuke watembee, na wanaosimama siku nzima wapate kukaa. Watapishaji wa vyoo wavae usoni kibofu cha mnyama kinachopitisha nuru, walinde macho. Na mtu akiona kazi inamwua, aiache, kama anaweza. Alijua vizuri kwamba maskini mara nyingi hawezi.

Katika mwaka ule ule wa 1700 kitabu chake kilipotoka, dola ya Venice ilimwita kufundisha katika Chuo Kikuu cha Padua, mojawapo ya vyuo vikubwa kabisa vya utabibu wakati huo. Alikuwa mzee wa miaka 66, afya yake si nzuri, na macho yakaanza kumpotea. Mganga aliyeanza kwa kuwahurumia watapishaji waliopofuka, mwenyewe akawa kipofu, akasomewa vitabu na kuandikiwa na jamaa zake. Alitaka kustaafu, lakini wakuu wa Venice hawakumruhusu, wakampandisha cheo. Tarehe 5 Novemba 1714, alipokuwa tayari kwenda kufundisha, alipatwa na kiharusi akafariki siku hiyo hiyo, akiwa na miaka 81.

Kitabu chake kiliendelea kuishi. Kilikwisha kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1705. Mwaka 1775 Percivall Pott wa London alieleza kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi hupata kansa kutokana na masizi, na huo ulikuwa ushahidi wa kwanza ulioonekana wazi kwamba kazi inaweza kuleta kansa. Baadaye zikaja sheria. Nchini kwetu Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ulianzishwa mwaka 2001, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikatungwa mwaka 2003, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ikafuata mwaka 2008.

Sasa tutazame nyumbani. Je, swali la Ramazzini limekwisha kazi hapa mlimani? Mimi nasema bado.

Vijana wengi wa mkoa wetu wamekwenda Mirerani kuchimba tanzanaiti tangu ilipogunduliwa mwaka 1967. Huko huvuta vumbi la mawe lile lile ambalo Diemerbroeck alilikuta katika mapafu ya wachonga mawe. Ugonjwa wake huitwa silikosisi. Mgonjwa hukohoa, hukonda, hubanwa kifua, na picha ya eksirei huweza kufanana sana na ya kifua kikuu. Waganga wa Kibong'oto, hospitali yetu ya tangu zamani ya kifua kikuu, wanawajua wachimbaji wa namna hii: yuko aliyekwisha kunywa dawa za kifua kikuu mara kadhaa na makohozi yake hayaonyeshi vijidudu. Tena jambo huzidi kuwa gumu, kwa sababu vumbi hilo hulidhoofisha pafu na kufungua njia kwa kifua kikuu chenyewe. Mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili. Hapo mganga hawezi kuchagua jibu moja na kufunga daftari. Hana budi kujua mgonjwa alichimba wapi, miaka mingapi, na kama alitoboa mwamba mkavu au uliolowanishwa maji.

Kahawa nayo, iliyoletwa hapa Kilema na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1898 na kuwasomesha wengi wetu, ina vumbi lake. Uchunguzi wa viwanda vya kahawa vya Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa humo wana kikohozi na matatizo ya pumzi kuliko wafanyakazi wa kazi nyingine waliolinganishwa nao. Na shambani kuna dawa. Dhidi ya kutu ya majani na chulebuni tunapiga dawa za shaba kama mrututu. Huko Ureno mwaka 1969 waganga walieleza kwamba wapiga mrututu na chokaa katika mashamba ya mizabibu walipata makovu katika mapafu, nao walidhaniwa kuwa na maradhi mengine ya kifua. Dhidi ya wadudu tunapiga dawa kali zaidi, na baadhi yake ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo huharibu kazi ya mishipa ya fahamu.

Hapa nitaje habari za baba yangu mdogo, maana ni mfano mzuri wa ugumu wenyewe. Alikuwa akiwapigia watu dawa katika vihamba vyao kwa ujira. Kila alipopiga dawa ya wadudu siku mbili tatu mfululizo, jioni kichwa kilimwuma, jasho likamtoka, mate yakamjaa kinywani, tumbo likasokota, macho yakaona ukungu. Alipelekwa kwenye zahanati mara tatu, na mara tatu alipewa vidonge vya malaria bila damu kupimwa. Kwa kuwa alipokuwa mgonjwa hakupiga dawa, alipata nafuu baada ya siku chache, na sifa ikaenda kwa vidonge. Mara ya nne alikutana na mganga kijana. Huyu alimtazama mboni za macho, akaziona zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Akainusa shati yake. Kisha akamwuliza jana yake alifanya kazi gani. Kwa swali hilo moja tiba ikabadilika, na tangu siku hiyo baba mdogo hakupiga dawa tena akielekea upepo, wala hakurudi nyumbani na nguo za kazi.

Katika habari hizi zote naona mambo manne yanayoufanya ugonjwa wa kazi kuwa mgumu kutambuliwa, nami nawasihi wanafunzi wanaotaka uganga wayashike. Kwanza, dalili zake hufanana na za maradhi ya kawaida. Kichwa ni kichwa, na kikohozi ni kikohozi. Pili, huchelewa, vumbi la leo huweza kuleta kikohozi baada ya miaka 10 au 20, mtu akiwa amekwisha kuiacha kazi ile na kuisahau. Tatu, mtu hana kazi moja. Asubuhi yuko kihambani, mchana anachoma matofali, na akina mama jioni wako jikoni katika moshi wa kuni. Nne, mgonjwa mwenyewe huficha, pengine kwa kuogopa kufukuzwa, pengine kwa sababu haoni kwamba kuna uhusiano. Kwa hiyo swali haliulizwi mara moja tu. Huulizwa leo na jana, kazi ya sasa na ya zamani, nini kilikuwa hewani, nani mwingine anaumwa pale pale, na je, siku za mapumziko hali inakuwaje.

Wazazi wetu nao wana sehemu yao. Sheria nilizozitaja huwafikia kwa urahisi wenye kiwanda na wenye kampuni. Lakini katika kihamba mwenye shamba ndiye bwana na ndiye mtumishi, na hakuna mkaguzi anayepita chini ya migomba. Basi ukaguzi ni wetu wenyewe. Tusimpe mtoto wa shule bomba la kupigia dawa siku ya Jumamosi kwa kuwa mgongo wake una nguvu. Tusitumie kopo la dawa kuchotea maji ya mfereji. Apigaye dawa afunge pua na kinywa, avae mikono mirefu, aupe upepo kisogo, anawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Na mtu yeyote akiugua, awe amekwenda zahanati ya kijijini, au Hospitali ya Kilema, au KCMC mjini Moshi, asingoje kuulizwa. Aseme mwenyewe anafanya kazi gani, alifanya nini siku zile tatu zilizopita, na zamani alifanya kazi wapi. Kama alishika dawa ya shamba, aende na chupa au karatasi yake yenye jina, imefungwa vizuri katika mfuko, aiweke juu ya meza ya mganga kabla hajaanza kueleza maumivu yake.